Alhamisi Niliyoacha Njia Panda

Habari ya kifo cha Idi ilinikuta sokoni Kimironko, mguu juu ya pedali ya cherehani, gauni la harusi la mtu likiwa nusu limeshonwa. Gasana ndiye aliyepiga simu. Hakunisalimu. "Zaina, Idi iko amekufa alfajiri," alisema. "Tunazika leo, baada ya alasiri. Kuja na kasike." Kasike ndiyo kofia ngumu ya pikipiki, hapa Kigali hatuijui kwa jina jingine. Yangu ilikuwa imekaa chini ya meza miaka mingi, imejaa vifungo vya mashati. Nilivimwaga vyote mezani, vikatawanyika mpaka kwa jirani, na mwenye gauni la harusi, aliyekuwa ameketi pale akinihimiza, akaanza kulalamika. Nilimwambia anyamaze kabla sijamchoma sindano. Akanyamaza. Watu wa soko hili wananijua, na wasionijua huonywa na wenzao.

Anayetaka kujua nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, atafute mtu mwingine wa kumsimulia. Mimi nina mwaka mmoja tu unaostahili karatasi, ule niliokuwa na miaka ishirini na minne, mwenye cherehani ya mkopo na pikipiki kuukuu iliyokuwa ikitoa moshi kama jiko la kuni. Mwaka huo nilipiga watu na nikapigwa. Ulianzia hapa hapa sokoni. Mwanamume mmoja alinishika kiuno nikiwa nimeinama kupima kitambaa, nami nikamchapa mkononi kwa rula ya chuma mpaka ukucha wake ukang'oka na damu ikaruka kwenye kitenge cha mteja. Ng'ambo ya kichochoro alikaa fundi viatu, mtu mwembamba, mpole, Mwislamu kama mimi, jina lake Idi. Watu wengine walipiga kelele, yeye alicheka. Baadaye alivuka, akaokota ukucha kwa kipande cha ngozi, akautupa. "Dada Zaina," akasema, "hii hasira yako iko nataka barabara. Kuja Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku ya msafara. Tulikuwa kumi na mmoja, wanaume kumi na mimi. Tulikutana nyuma ya soko saa kumi jioni, tukavuka mji mpaka Gahanga, na hapo tukaiacha lami na kuingia njia za udongo zilizopita kati ya mihogo na mtama, upande wa kwenda Bugesera. Mbele alikwenda Gasana, fundi wa malori, bonge la mtu. Nyuma ya wote alikwenda Idi. Yeye ndiye aliyekuwa mkia, na mkia huvaa kasike nyekundu ili aonekane kwa mbali. Tulikuwa na sheria moja, na hata mbuzi angeielewa. Tukifika njia panda, yule aliye nyuma ya Gasana husimama hapo, akashusha mguu, akanyoosha mkono kuwaonyesha wenzake pa kukata kona. Tulimwita kigingi. Kigingi haondoki, hata anyeshewe, hata aumwe na mbwa, mpaka kasike nyekundu imfikie. Na ukifika njia panda ukakuta hapana mtu, maana yake ni moja tu: nenda moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna aliyegeuza shingo kutafuta wenzake. Ulipanda pikipiki huku ukijua kwamba kuna mtu amesimama kwa ajili yako.

Aliyevunja sheria alipigwa ngoma. Baada ya msafara tulirudi kula nyumbani kwa Gasana, Kagugu, na hapo uani mkosaji aliketishwa kwenye kigoda, kasike kichwani, kila mmoja akampiga kasike hiyo pigo moja kwa mpini wa nyundo. Mapigo kumi. Usidhani ni mchezo. Kichwa kilivuma mpaka kesho yake, na siku moja nilimwona kijana mmoja akishuka kwenye kigoda na kutapika. Mimi nilipenda kupiga. Nasema kweli, maana sasa nimekuwa mtu mzima na sina wa kumdanganya: nilipenda uzito wa ule mpini. Wiki tuliyotupiwa mawe na vijana wa bonde moja, jiwe likanipasua goti, Gasana alimkamata mmoja wao akamcharaza kwa mkanda wa feni, nami nilishikilia miguu. Tuliporudi nilikula sahani mbili.

Nalikumbuka jiko lile kuliko chumba nilichokuwa nalala. Taa moja, ukuta mweusi kwa moshi, sufuria kubwa la agatogo, ndizi mbichi zilizopikwa na nyama ya mbuzi mpaka zikalegea, na birika la chai ya maziwa iliyojaa tangawizi. Mke wa Gasana alituma wanaume uani na mimi akaniweka jikoni kumenya vitunguu, kwa sababu, alisema, pikipiki au si pikipiki, una mikono. Nikamenya. Harufu ya petroli mikononi mwangu ilichanganyika na ya vitunguu, na hata leo nikimenya vitunguu napata kiu ya barabara. Dirisha la jiko halikuwa na kioo. Kila kilichosemwa uani kilinifikia, na hapo ndipo nilipomsikia Kalisa.

Kalisa alikuwa karani wa ofisi, amekulia Kampala, pikipiki yake mpya, jaketi lake jipya, ulimi wake mrefu. "Gasana, ssebo, mimi iko nasema mbele ya batu," alisema. "Siku ile Zaina atasimama njia panda, mutu atakufa. Mwanamke wa hasira hawezi kungoja." Wengine walicheka. Nilikwishashika kisu cha vitunguu na kuinuka, niliposikia sauti ya Idi, taratibu, ya mtu anayetafuna. "Mimi ndiye iko nyuma kila wiki, sha, hapana weye," alisema. "Zaina akisimama, mimi nakuja na macho imefunga." Nikakaa. Nilimenya vitunguu vyote vilivyobaki, pamoja na vya kesho yake, na mke wa Gasana akanitazama akidhani nalia kwa vitunguu. Sijawahi kusemewa neno zuri kuliko lile, na halikusemwa kwangu.

Basi ikafika Alhamisi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, udongo mwekundu umekuwa uji. Kupita Gahanga kuna njia panda: kushoto unarudi kwenye lami, moja kwa moja unashuka bondeni kwenye kijiji kidogo. Wiki ile kijijini humo watu wawili wa pikipiki walikuwa wameiba ng'ombe wa mzee mmoja, wakamchinja porini na kuacha kichwa na kwato. Sisi hatukujua. Zamu ya kigingi ilikuwa yangu. Nilishusha mguu, nikanyoosha mkono wa kushoto. Mmoja akapita, wa pili, wa tatu, kila mmoja akigonga kasike yake kwa ngumi kunisalimu. Saba walipokwisha kupita akaja Kalisa. Alikuwa wa mwisho kabla ya Idi. Alipunguza mwendo mbele yangu, akakaza breki ya mbele, akavuta mafuta, gurudumu la nyuma likachimba, na tope lote likanijia usoni, machoni, mdomoni. Nililimeza. "Ngoja vizuri, mama!" akapaza sauti, akaondoka akicheka.

Nilitazama nyuma. Sikuiona kasike nyekundu, ila nilisema moyoni: Idi yuko hapo tu nyuma ya mikaratusi, ataziona alama za matairi yetu. Nikainua mguu, nikaiacha njia panda na kumfuata Kalisa. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa msafara pekee hulifanya, kumzoea mkia mpaka akadhani yupo hata asipomwona. Cheni ya Idi ilikuwa imetoka. Alikuwa amechutama nyuma kule akiirudisha, mikono imejaa grisi, bila haraka, kwa kuwa njia panda alikuwepo Zaina.

Nilimfikia Kalisa kwenye tanuri la matofali. Sikupiga honi. Nilimpiga teke ubavuni tukiwa mwendoni, akaingia mtaroni na pikipiki yake mpya, nami nikaitupa yangu na kumrukia. Nilivua kasike nikampiga nayo mdomoni. Jino likaruka. Akanipiga ngumi ya tumbo, pumzi ikanikatika, nikamng'ata sikio. Tuligaagaa kwenye tope kama nguruwe wawili, yeye akiniita jina la matusi na mimi nikitafuta macho yake kwa vidole. Mtu akiniuliza nilikuwa najisikiaje, sitamficha: nilikuwa na furaha. Tulipochoka tukabaki tumelala pale, tunahema, na ndipo tukasikia kelele kutoka bondeni. "Umujura! Umujura!" Yaani mwizi, kwa Kinyarwanda. Sauti nyingi, za wanaume na za wanawake, na filimbi. Kalisa alitema damu akasema, "Leo wameshika mwizi." Nami, nikijifuta tope midomoni, nikasema, "Wampige."

Hilo ndilo neno nililolisema. Sikusema kwa hasira hata. Nilisema kama mtu anayesema mvua inyeshe.

Kwenye lami Gasana alihesabu vichwa, akahesabu tena. Kumi. "Idi iko wapi?" aliuliza. Mimi na Kalisa tulitazamana, yeye na pengo lake, mimi na damu yake mikononi. Sikusubiri mtu. Niligeuza pikipiki nikarudi kwa mwendo ambao haukuwa na haki ya kuniacha hai, nikapita tanuri, nikapita njia panda tupu, nikashuka bondeni. Jua lilikuwa linazama. Walikuwa watu kama hamsini, fimbo, majembe, panga, na katikati yao kasike nyekundu ikipigwa mateke huku na huku kama mpira. Idi alikuwa chini: alikuta njia panda haina mtu, akaenda moja kwa moja. Mtu mmoja alikuwa amemkanyaga kiwiko, mwingine akiuponda mkono wake wa kulia kwa kisogo cha jembe, juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayetwanga. "Mkono huu hautafunga tena ng'ombe wa mtu," alikuwa akisema. Gasana, aliyenifuata kwa karibu, alipoliona lile kundi na zile panga aliganda juu ya pikipiki, mikono haikumtii. Alikuwa mtoto hapa nchini mwaka wa tisini na nne. Sikumuuliza alichokiona siku ile, na sitamuuliza.

Mimi niliingia. Nilikuwa na cheni ya kufungia pikipiki, nikaizungusha, na wa kwanza kuipata alikuwa mzee mwenye ng'ombe. Nilisikia mfupa wa bega lake ukivunjika. Mzee wa watu, aliyeibiwa, ambaye hakuwa amegusa hata fimbo. Nilimpiga yule wa jembe shingoni, nikapigwa mimi mgongoni na kichwani, nikamlalia Idi juu, nikawaambia kwa Kinyarwanda kwamba wakitaka kuendelea waanzie kwangu. Wakaanzia kwangu. Mbavu mbili zilivunjika kabla mkuu wa kijiji hajafika akipiga filimbi na kuwatandika watu wake mwenyewe kwa fimbo ili warudi nyuma. Alimjua Idi, aliyekuwa amemshonea viatu vya kanisani. Watu wakaanza kutazama chini, mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alileta maji. Yule wa jembe aliketi chini akalia kwa sauti.

Hospitalini tulikusanyika sote kukizunguka kitanda. Mkono wa Idi ulikuwa umefungwa, umevimba kama mkate, na madaktari walikwisha kusema vidole vitatu havitakunjika tena. Gasana aliuliza mbele ya wote, "Nani alikuwa kigingi?" Nikafungua mdomo. Idi akanitangulia. "Zaina alikuwa pale," alisema, kwa midomo iliyopasuka. "Alinyoosha mkono vizuri. Tope iko kwenye kioo yangu, sikuona. Ni mimi." Halafu akanitazama kwa jicho moja lililokuwa wazi. Hakunikonyeza, hakunikasirikia. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja zamu ya mwingine kusema. Nami sikusema. Gasana akanishika bega, akawaambia wenzetu kwamba bila mwanamke huyu tungekuwa tunachimba kaburi, na wakanigongea kasike zao kwa ngumi, mmoja baada ya mwingine. Kalisa naye aligonga. Alidai pengo lake ni la kuanguka kwenye tope. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tulikuwa wawili.

Msafara ulidumu wiki chache, kisha ukafa wenyewe. Idi alirudi ng'ambo ya kichochoro changu. Fundi viatu asiyeweza kushika sindano huuza kamba za viatu na rangi ya kiwi, na ndivyo alivyofanya. Kila siku, nikiinua macho kutoka kwenye cherehani, niliuona mkono ule ukihangaika na kifuniko cha kopo. "Dada Zaina, umeamkaje?" "Salama, kaka Idi." Miaka yote hiyo. Nilimshonea nguo za watoto wake bure, kila sikukuu ya Idi, na mkewe Mwajuma alizipokea bila kunishukuru hata mara moja. Nilidhani ni mwanamke mwenye kiburi.

Leo nilimkuta Mwajuma chumbani, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, kanga nyeupe kichwani, wanawake wamemzunguka. Nilikaa karibu na mlango, kasike mapajani. Uani, chini ya turubai, wanaume walikuwa wanakunywa chai, na dirishani ilinijia sauti ya Gasana, imezeeka, ikiwasimulia vijana jinsi Zaina alivyoingia peke yake kwenye watu hamsini. Kwa miaka hii watu wamekuwa mia mbili. Nilisikia vijana wakishangaa. Nikakumbuka dirisha jingine, na mtu akitafuna, akisema anakuja macho yamefungwa.

"Sikuwepo," nilisema.

Wanawake waligeuka. Nikasema tena, kwa sauti ya sokoni, ili ipite dirishani. Nikasema njia panda niliiacha. Nikasema nilimfukuza Kalisa nimpige, na nilipomsikia Idi anapigwa nilisema wampige. Nilisema neno lile lile. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini uani, na Kalisa, mzee mwenye pengo, akisema polepole, "Ni kweli. Mimi nilianza."

Mwajuma aliinuka. Mjane hainuki siku hiyo, wanawake walimshika kanga, akawapangua. Alinifikia akanipiga kofi ambalo nililisikia kwenye meno, kisha la pili, upande mwingine, na la tatu kwa mgongo wa mkono, pete yake ikanichana mdomo. Ilikuwa ngoma ya kwanza niliyopigwa mimi, na bila kasike. Sikuinua mkono. "Nilikuwa najua," alisema, akihema. "Aliniambia usiku ule ule aliporudi kutoka hospitali. Akaniapisha kwa Mungu nisikuguse mpaka useme kwa kinywa chako. Miaka yote hii nakuona unaniletea vigauni! Iko nashika mikono yangu!" Akaanza kulia, nami nikalia, damu na makamasi pamoja. Kisha akajifuta, akasema, "Sisi wanawake hatufiki makaburini. Lakini njia panda utafika. Leo utasimama. Na usitoke."

Njia ya makaburi ni ile ile ya kushoto. Mikaratusi imekatwa, pale penye tanuri pana maduka mapya na nyumba za mabati ya rangi. Gasana alipanga pikipiki saba, ndizo zilizobaki, na gari la jeneza akaliweka nyuma kabisa, kasike nyekundu ikiwa imefungwa mbele yake kwa kamba ya kiatu. Nilishuka kwenye njia panda, nikanyoosha mkono. Walipita mmoja mmoja, wakigonga kasike. Kalisa alisimama, akataka kusema jambo. Nikamwambia, "Pita." Akapita taratibu, bila kurusha hata tone la tope.

Lakini gari la jeneza halikutokea. Dakika zikaenda. Lori la mchanga likaja kutoka bondeni, dereva akapiga honi, akaniita mama kichaa, akashuka. "Weye mama, toka barabarani!" Akanisukuma kifuani. Damu ikanichemka mpaka masikioni, kasike ilikuwa mkononi mwangu na mdomo wake ulikuwa karibu. Akanisukuma tena, nikayumba, nikarudi pale pale. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu yuko nyuma, anakuja. Alinitazama uso uliovimba, akatazama barabara, akazima injini. Tukangoja wote wawili. Jua lilikuwa linashuka lilipotokea juu ya kilima doa jekundu, dogo, likija bila haraka. Nilinyoosha mkono wa kushoto mpaka bega likaniuma, na Idi akapita.